Umeitwa usaili wa kutengeneza vigunduzi vya mionzi ya kosmiki: uanzie wapi?

Swali: "Nimemaliza uzamivu wa fizikia ya nyuklia. Kazi yangu ilikuwa kupima mionzi asilia ya udongo kwa kigunduzi cha jemaniamu. Sasa nimeitwa usaili wa nafasi ya mtafiti wa baada ya uzamivu Ujerumani, kwenye kundi linalotengeneza vigunduzi vya sintileta (kitu kinachotoa mwanga chembe ikikipitia) kwa ajili ya mionzi ya kosmiki, yaani chembe zinazotoka angani. Nina miezi mitatu, na sijawahi kushika SiPM, ile sensa ndogo ya silikoni ya kunasa mwanga. Kazi yenyewe ya kila siku ni ipi, na nijifunze nini kwanza?" Msomaji, Dodoma.

Dada, hongera kwa kuitwa. Matangazo ya nafasi hizi huandikwa kwa maneno makubwa, lakini kazi ikifika mezani hubaki moja: kigunduzi kikitoa namba, wewe ndiye utakayeulizwa imetoka wapi na inaweza kukosea kwa kiasi gani. Aliyezoea jemaniamu ameshapambana na ufanisi, mionzi ya mazingira na muda mfu (ule ambao kifaa hakiwezi kusajili pigo jingine), kwa hiyo sehemu kubwa ya mtaji unayo. Kilichobaki ni mwanga, joto na kelele za umeme.

Tuchukue mfano halisi. Kituo cha Pierre Auger, kinachopima mionzi ya kosmiki, kiko Malargüe, Argentina. Kimetandazwa kwenye eneo la kilomita za mraba 3,000 hivi, na kina matangi yapatayo 1,660 yaliyopangwa kwa umbali wa kilomita 1.5 kutoka moja hadi jingine, kila moja likiwa na lita 12,000 za maji safi mno. Ukubwa huo una sababu: chembe yenye nishati ya eV 10²⁰ huangukia kilomita moja ya mraba takriban mara moja kwa karne. Usipotandaza eneo, hupati data.

Tatizo la tangi la maji ni kwamba linachanganya. Chembe ya kosmiki ikigonga hewa huzaa manyunyu ya chembe nyingine, na yakifika ardhini, tangi linaona miuoni (chembe kama elektroni, ila nzito zaidi), elektroni na fotoni kwa pamoja. Anayetaka kujua kama chembe ya awali ilikuwa protoni au kiini kizito kama cha chuma anahitaji kuhesabu miuoni peke yake, kwa kuwa kiini kizito huzalisha miuoni mingi zaidi kwa nishati ileile. Ndiyo maana katika maboresho yaitwayo AugerPrime, juu ya tangi imewekwa sintileta ya plastiki ya mita za mraba 3.8. Maji na plastiki huitikia miuoni na elektroni kwa uwiano tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayotoa hesabu. Suala hili si dogo: programu za kuigiza manyunyu mpaka sasa hutoa miuoni michache kuliko inayopimwa, na bado wanafizikia wanabishana kosa liko wapi.

Ukifungua kimoja cha vigunduzi hivyo utakuta vipande 48 vya polistireni, kila kimoja urefu wa mita 1.6, upana wa sm 5 na unene wa sm 1. Ndani ya kila kipande kuna matundu ambamo hupita uzi wa plastiki wa mm 1. Uzi huo hunyonya mwanga wa bluu wa sintileta, hutoa wa kijani na kuupeleka mwishoni, ambako nyuzi zote hukusanywa mbele ya fotomaltiplaya moja ya inchi 1.5, bomba la kioo linalogeuza mwanga kuwa pigo la umeme. Vigunduzi zaidi ya elfu moja vya aina hii viliundwa kwenye maabara kadhaa za Ulaya, za Ujerumani zikiwemo.

Sasa jiulize: kwenye mradi wa hivyo, mtafiti mpya anafanya nini? Plastiki, uzi na fotomaltiplaya vyote vilikuwepo kabla yake. Anajenga kituo cha majaribio, anaandika vigezo vya kukubali au kukataa kigunduzi, kisha kimoja kikitoa mwanga pungufu kwa asilimia 15 anatafuta sababu. Huenda uzi mmoja umepata ufa kwenye kona. Huenda gundi imeacha kiputo cha hewa pale nyuzi zinapokutana, au ncha hazikusuguliwa sawasawa, au kioo cha fotomaltiplaya hakikukandamizwa vizuri. Kigunduzi cha mia tano kinatakiwa kifanane na cha kwanza. Anayeona kazi hiyo inachosha atateseka, na ni heri alijue hilo kabla ya kusaini.

Hesabu ya mwanga

Kuna hesabu moja ambayo uifanye mpaka uweze kuiandika usingizini, kwa sababu karibu kila swali la kiufundi litaiangukia. Miuoni ikipita wima kwenye plastiki ya sm 1 huacha nishati ya MeV 2 hivi. Sintileta nzuri ya plastiki hutoa fotoni zipatazo 10,000 kwa kila MeV, kwa hiyo una fotoni 20,000, nyingi zikiwa karibu na nanomita 425. Sasa weka SiPM ya mm 6 kwa 6 kwenye kigae cha sm 5 × 5 × 1. Uso wote wa kigae ni sm² 70, na sensa inafunika sm² 0.36, yaani nusu ya asilimia moja. Bila kufunga kigae kwa kitu kinachorudisha mwanga, sehemu kubwa inapotea. Ukikifunga vizuri, fotoni zinapata nafasi nyingi za kurudi, na si ajabu asilimia 2 zikaifikia sensa: fotoni 400. SiPM imegawanywa seli ndogo nyingi, na fotoni ikinaswa, seli moja hufyatuka. Sensa ikinasa asilimia 40 kati ya hizo, unapata seli 160 zilizofyatuka. Hilo ni pigo kubwa, na linasomeka kwa amplifaya ya kawaida.

Kwenye mfumo wa nyuzi ndefu hadithi ni nyingine. Uzi hunasa sehemu ndogo tu ya mwanga unaoutoa tena, na mwanga huo unafifia njiani. Kwa uzi wa Kuraray Y-11, unaotumika sana, urefu wa kufifia unazidi mita 3.5. Unabaki na fotoelektroni (fotoni zilizonaswa na kugeuzwa umeme) makumi machache tu, na ghafla kila kiputo cha hewa kina thamani.

Uakisi nao una ukatili wake. Karatasi ikirudisha asilimia 97 ya mwanga, fotoni inagonga ukuta kwa wastani mara 33 kabla ya kumezwa. Ikirudisha asilimia 98, inagonga mara 50. Tofauti ya asilimia moja kwenye karatasi imekupa nusu zaidi ya safari. Kwa sababu hiyohiyo, ukiona mchoro wa Geant4, programu ya kuigiza chembe zinavyopita kwenye vifaa, unaodai kutabiri mwanga kwa usahihi wa asilimia 2, uliza thamani ya uakisi ilitoka wapi. Mara nyingi ilirekebishwa mpaka ikalingana na kipimo, halafu ikaitwa utabiri.

Unachokijua kutoka jemaniamu, na kinachobadilika

Umezoea vilele vyembamba: potasiamu-40 kwenye keV 1,461, thaliamu-208 kwenye keV 2,615. Sahau vilele. Plastiki ni hidrojeni na kaboni, viini vyepesi ambavyo karibu havinyonyi fotoni ya gama nzima, kwa hiyo unachokiona ni mteremko wa Compton tu, yaani gama zilizoacha sehemu ya nishati na kutoka. Ukingo wa Compton wa potasiamu-40 uko MeV 1.24, na wa thaliamu-208 uko MeV 2.38. Linganisha na miuoni inayoacha MeV 2 kwenye sm 1, na utaona balaa: gama za ukutani zinaweza kuiga miuoni. Kipande kimoja cha plastiki peke yake hakiwezi kukuambia kwa uhakika ni kipi kimepita. Ndiyo sababu watu huweka viwili au vitatu vikiwa vimepangana, na kuhesabu yale mapigo tu yanayotokea kwa wakati mmoja.

Badala ya kilele, miuoni hutoa nundu isiyo na ulinganifu, yenye mkia mrefu upande wa nishati kubwa, iitwayo mgawanyo wa Landau. Usitumie wastani kuielezea, kwa kuwa mkia huvuta wastani juu, na mkia hutegemea elektroniki yako imefika kikomo wapi. Tumia kilele cha nundu, ukikipata kwa kulinganisha data na Landau iliyochanganywa na Gauss. Wanaotumia sintileta huita kipimo hicho MIP, ishara ya chembe inayoacha nishati ndogo kabisa, na kwenye matangi ya Auger kuna ndugu yake, VEM, ishara ya miuoni moja iliyopita wima katikati ya tangi, sawa na MeV 240 hivi. Kituo cha Auger hujikalibrisha chenyewe kwa histogramu za miuoni hizi, zinazokusanywa upya kila dakika moja hivi. Huko nyikani hakuna mtu wa kubeba chanzo cha sesiamu-137 kutoka tangi hadi tangi.

Hilo lina faida kwako pia. Vyanzo vya mionzi vinahitaji kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki, lakini miuoni inashuka bure: takriban moja kwa kila sm² kwa dakika usawa wa bahari. Sisi tulio karibu na ikweta tunapata pungufu kidogo, kwa sababu uga sumaku wa dunia huzuia chembe nyingi za awali ambazo kwenye latitudo za juu zingepenya. Mwinuko wa Dodoma hufidia sehemu ya upungufu huo.

Miezi mitatu: jenga darubini ndogo ya miuoni

Ushauri wangu mkuu ni huu: usitumie miezi yote kusoma. Jenga. Kuna muundo wa wazi uitwao CosmicWatch, ulioanzia MIT, unaotumia kigae cha sm 5 × 5 × 1, SiPM moja na bodi ndogo ya kompyuta kama Arduino, na vipuri vya kimoja viliwekewa lengo la kama dola 100. Agiza vya vigae vitatu kama mfuko unaruhusu, viwili kama hauruhusu. Sintileta na SiPM ndivyo vya kuagiza nje mapema, kwa sababu vinaweza kukwama njiani. Vingine utavipata kwa mafundi wa redio na maduka ya vipuri.

Kigae kikifika, kishike kwa glavu. Mafuta ya vidole yanaharibu uso, na uso ndio unaorudisha mwanga. Kikichafuka, tumia maji, sabuni laini na kitambaa kisichokwaruza. Asitoni usiisogeze karibu, maana italeta vinyufa vidogo ambavyo havitatoka tena. Funga kigae kwa tabaka kadhaa za tepu nyeupe ya mafundi bomba, ile ya kuzungushia nyuzi za mabomba, ambayo inaakisi vizuri kuliko inavyoonekana. Juu yake weka karatasi ya alumini, kisha tepu nyeusi. Acha dirisha la ukubwa wa sensa tu. Kati ya sensa na plastiki weka tone dogo la grisi ya silikoni iliyo angavu, kwa sababu pengo la hewa hurudisha nyuma mwanga mwingi. Grisi ikizidi inatapakaa hadi kwenye tepu na kupunguza uakisi.

Kabla ya kupima chochote, tafuta mahali mwanga unapopenya. Soma idadi ya mapigo kwa sekunde taa zikiwa zimezimwa, kisha zikiwa zimewashwa, kisha pitisha tochi polepole kwenye kila kona, kila tundu la kebo na kila ukingo wa tepu. Idadi ikipanda, hapo ndipo. Tepu nyeusi huenda isizuie mwanga mwekundu wote, na SiPM inauona mwekundu pia, hivyo tabaka mbili ni bora kuliko moja. Kingo za tepu huinuka kwenye joto la mchana, kwa hiyo rudia jaribio baada ya wiki. Na usisahau adui aliye ndani ya boksi, ile taa ndogo kwenye bodi inayoonyesha umeme umewaka. Ifunike au ing'oe.

Hatua inayofuata ni kupima kasi ya mapigo huku ukipandisha kidogo kidogo kizingiti, yaani kimo ambacho pigo lililo chini yake halihesabiwi. Kwa SiPM mchoro huo una ngazi. Kila ngazi ni seli moja zaidi iliyofyatuka, na urefu kati ya ngazi mbili ni ukuzaji wa sensa yako. Gawanya kasi ya ngazi ya pili kwa ya kwanza, na unapata makadirio ya uwezekano wa seli moja kuiambukiza jirani yake. Sensa ya mm 6 kwa 6 ikiwa gizani kabisa inaweza kutoa mapigo ya giza karibu milioni moja kwa sekunde, na anayeona namba hiyo mara ya kwanza hudhani kifaa ni kibovu. Si kibovu. Karibu yote ni ya seli moja au mbili, na miuoni yako ina zaidi ya mia. Kizingiti cha seli 20 hivi kinayafuta yote.

Ngazi zisipoonekana, shuku kelele za umeme kabla ya sensa. Chaja za bei nafuu za kubadili volteji ndizo mkosaji wa kwanza. Jaribu betri, na kelele zikiisha umeshapata jibu. La pili ni mzunguko wa ardhi, pale vifaa viwili vinapounganishwa ardhi kwa njia mbili tofauti, na la tatu ni kebo ndefu isiyo na kinga kati ya sensa na amplifaya. Weka amplifaya karibu na sensa kadiri inavyowezekana.

Sasa panga vigae kimoja juu ya kingine. Kwa vigae vya sm² 25 usitarajie zaidi ya tukio moja la pamoja kila sekunde mbili hadi nne, na usiku mmoja utakupa kama elfu kumi. Hesabu na ajali, yaani mapigo mawili yasiyohusiana yaliyotokea kukutana: kasi yake ni 2 × R₁ × R₂ × τ, ambapo τ ni upana wa pigo. Kwa vigunduzi vikubwa viwili vyenye mapigo 1,000 kwa sekunde kila kimoja na upana wa nanosekunde 100, ajali ni 0.2 kwa sekunde, ambayo ni nyingi mno. Pandisha kizingiti mpaka kila kimoja kitoe 100, na ajali zinashuka hadi 0.002. Kasi ikipungua mara kumi kila upande, ajali hupungua mara mia. Wasaili hupenda kuona kama unaijua hesabu hii bila kuitafuta.

Kipimo ambacho kitakupa la kusema kwenye usaili ni ufanisi. Kigae cha juu na cha chini vikipigwa pamoja, je, cha kati kimepigwa pia? Ukitaka kuujua ufanisi wa asilimia 98 kwa kosa la nusu asilimia, unahitaji matukio 784. Kwa kosa la asilimia 0.1 unahitaji 19,600. Kwenye maabara yenye tukio moja kwa sekunde, hiyo ni tofauti kati ya dakika 13 na saa tano na nusu kwa kila kigunduzi, na ukiwa na vigunduzi mia sita vya kupima, uamuzi huo ndio unaopanga ratiba ya mradi mzima.

Kuna mtego hapa. Kigae cha kati kikisogea mm 1 kando ya vingine, upande wenye mm 50 unaweza kupoteza hadi asilimia 2 ya miuoni ambayo haikupita ndani yake kabisa, na wewe utaandika kwamba sensa ni dhaifu. Dawa ni kufanya vigae vya juu na chini viwe vidogo kuliko kinachopimwa, ili kila mstari unaokubalika upite mbali na ukingo.

Joto

Kama kuna sehemu moja ya kuielewa kwa undani kuliko wagombea wenzako, ni hii. SiPM hufanya kazi kwa volteji iliyozidi kidogo volteji ya mpasuko, ile ambayo seli huanza kufyatuka, na ukuzaji hufuata hiyo ziada. Joto likipanda, volteji ya mpasuko nayo hupanda, ziada hupungua, na pigo hupungua. Sensa za Hamamatsu za mfululizo wa S13360 zina mpasuko kwenye volti 53 hivi na husogea milivolti 54 kwa kila nyuzi joto moja. Ukiziendesha kwa ziada ya volti 3 na joto likapanda nyuzi 20, kama ilivyo kawaida nyikani kati ya alfajiri na alasiri, ziada inapungua volti 1.08. Umepoteza asilimia 36 ya ukuzaji, na uwezo wa kunasa fotoni umeshuka pia. Sensa zenye mpasuko wa volti 24.5 hivi, kama zile za CosmicWatch, husogea milivolti 21.5 tu. Ukiziendesha kwa ziada ya volti 5, nyuzi 20 zinakugharimu chini ya asilimia 9.

Tiba iko ya aina mbili. Ya kwanza ni kupandisha volteji kadiri joto linavyopanda, kwa sakiti au kwa programu. Ya pili ni kuacha volteji ilivyo na kurekebisha data baadaye kwa joto lililorekodiwa. Napendelea ya kwanza kwa kifaa kinachotoa uamuzi papo hapo, kwa sababu kizingiti kilichokwishachuja tukio hakirudishwi na hesabu ya baadaye. Kwa vyovyote vile, kipimajoto kigusane na bodi ya sensa. Kikining'inizwa hewani ndani ya boksi kitachelewa kuliko silikoni, na jua likichomoza utarekebisha kwa joto la nusu saa iliyopita. Mapigo ya giza nayo hupanda kwa joto, karibu mara mbili kwa kila nyuzi kumi.

Fotomaltiplaya haina tatizo hilo kwa ukali huo, lakini ina lake. Ukuzaji wake hufuata volteji kwa kipeo cha 7 hivi, kwa hiyo volteji ikitikisika asilimia 1, pigo linatikisika asilimia 7. Na ikiwa na volteji kamili, isikutane na mwanga wa chumba hata kwa sekunde.

Jaribio la joto unaweza kulifanya bila chemba ya maabara. Chukua boksi la kuhifadhia barafu, chupa za maji yaliyoganda, na pakiti za kukausha unyevu ili matone yasitue kwenye bodi. Anza na nyuzi 10, kiache kigunduzi kipande polepole hadi joto la chumba, kisha kipeleke kwenye nyuzi 35. Chora kilele cha Landau dhidi ya joto kwa volteji moja, halafu rudia ukiwa unafidia. Michoro hiyo miwili kwenye ukurasa mmoja itasema mengi kuliko wasifu wako wote.

Tahadhari moja. Shinikizo la hewa hubadili idadi ya miuoni kwa asilimia 0.1 hadi 0.2 kwa kila hektopaskali, na huku kwetu tropiki shinikizo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, likifikia kilele karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku. Utatamani kuliona wimbi hilo kwenye data zako. Kwa matukio elfu kumi kosa la takwimu peke yake ni asilimia 1, na wimbi ni la hektopaskali chache tu. Ukidai umeliona, msaili mmoja atakuuliza kosa lako, na mazungumzo yataharibika.

Siku ya usaili

Watakuonyesha mchoro na kukuuliza unaona nini. Sema kwanza kilichopo kwenye mihimili, kisha umbo, kisha tafsiri. Swali jingine la kawaida ni la namna hii: "Kasi ya mapigo imepanda mara tatu kila jioni. Utafanya nini?" Jibu zuri lina mpangilio. Linganisha kwanza na joto, kisha na ratiba ya taa na mitambo ya jengo, kisha angalia kama mapigo yaliyoongezeka ni madogo au makubwa. Madogo tu yakiongezeka, shuku kelele au mapigo ya giza. Umbo lote likipanda kwa uwiano uleule, shuku kihesabio au saa. Usianze na anga. Karibu kila mara kosa ni la mwanga, joto au umeme.

Watakuuliza pia programu. Python ni lazima, na uwe na uchambuzi wako kwenye git ili wauone. ROOT, programu ya kuchambua data za chembe, inatosha ukiweza kusoma faili na kulinganisha mgawanyo. Geant4 ijue kwa kigae kimoja, na CORSIKA, programu ya kuigiza manyunyu iliyotokea Karlsruhe, ujue inafanya nini na matokeo yake yana nini ndani. Kulehemu kwa risasi usidai unakujua kama hukujui. Siku ya kwanza tu watakupa bodi.

Kuhusu jemaniamu, usiombe radhi. Eleza ulivyopata kosa la ufanisi wako, kipande kwa kipande: chanzo cha kalibresheni, umbo la sampuli, muda mfu, kujinyonya kwa gama ndani ya udongo. Anayeweza kuvunja kosa lake vipande hivyo anaweza kufundishwa SiPM kwa wiki mbili.

Mwisho ni zamu yako kuuliza, na maswali haya yana uzito kuliko ya mshahara. Mkataba ni wa muda gani, na fedha za sehemu ya pili zimeshapatikana au zinatarajiwa? Utakuwa maabara kwa sehemu gani ya mwaka, na nyikani kwa sehemu gani? Nani anamiliki kituo cha majaribio, wewe au fundi mkuu? Na uandishi: kwenye ushirikiano wenye mamia ya watu, majina hupangwa kwa alfabeti, na makala kubwa haitaonyesha ulichofanya. Uliza kama utaruhusiwa kuandika makala ya kifaa yenye waandishi wachache, kwenye jarida la vyombo kama JINST, na kama utawasilisha kwenye ICRC, mkutano wa kimataifa wa mionzi ya kosmiki unaofanyika kila baada ya miaka miwili. Wakisitasita kwenye hilo, lifikirie vizuri, kwa kuwa baada ya miaka miwili utaomba kazi nyingine kwa ushahidi huo.

Nafasi hii ikikuponyoka, muulize kiongozi wa kundi kama angekupokea kwa ruzuku ya Umoja wa Ulaya ya Marie Skłodowska-Curie. Haibagui uraia, huombwa mara moja kwa mwaka kwa kushirikiana na mwenyeji, na inataka uwe hujaishi nchi ya mwenyeji zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia. Ombi lililopata alama za chini huenda lisiruhusiwe kurudi mwaka unaofuata kwa mwenyeji yuleyule, kwa hiyo usilipeleke likiwa halijaiva. Soma mwongozo wa mwaka husika, kwa sababu masharti hubadilika, na umwandikie mwenyeji miezi mitano au sita kabla ya tarehe ya mwisho, ukiambatanisha ile michoro miwili ya joto.